Kwa nini “get” haitoshi kutafsiriwa “kupata”

Mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya kawaida ya serikali hapa Dodoma amesoma hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa mpigo, na kitu cha kwanza anachonunua, au anachoazima kwa dada yake, ni kamusi. Anafungua kwenye G, anakuta “get”, na mbele yake pameandikwa: kupata. Anafurahi. Neno la herufi tatu, maana moja, tumemaliza.

Furaha hiyo haifiki Ijumaa. Jioni huwa nafundisha Kiingereza maeneo ya Chang'ombe, darasa la mchanganyiko: watoto wa sekondari, kina mama wenye biashara zao, na watumishi waliohamia huku na wizara zao. Sentensi moja ya zoezi ilisema hivi: “When we got to Dodoma it was getting dark, so we got off the bus and got a bodaboda.” Kijana wa kidato cha pili akaandika: “Tulipopata Dodoma ilikuwa inapata giza, kwa hiyo tulipata basi na kupata bodaboda.” Katika “get” nne, moja tu ndiyo imekaa sawa, ile ya bodaboda. Mbili hazieleweki. Ya basi ndiyo mbaya kuliko zote, maana inaeleweka, ila kinyume: wenzake wameshuka, yeye kawapandisha tena.

Sikumlaumu. Alifuata alichoambiwa na kamusi. Tatizo ni kudhani kwamba “get” inajitosheleza kimaana kama “eat” au “sleep”. Haijitoshelezi. Ikiwa peke yake inasema jambo dogo sana: kwamba mtu au kitu kimefikia mahali au hali ambayo mwanzo hakikuwa nayo. Ni mahali gani, hali gani, kwa hiari au kwa balaa, hayo yote yanasemwa na neno linalofuata. Ndiyo maana mtu akiniuliza “get” maana yake nini, namuuliza kwanza imefuatwa na nini.

Neno lenyewe Waingereza walilitoa kwa wageni, tena wageni wa shari. Mwaka 865 jeshi kubwa la Waviking, watu wa Denmark na jirani zake, lilitua mashariki mwa Uingereza, na mwaka uliofuata likauteka mji wa York. Wengi wao hawakurudi kwao. Walitwaa mashamba kaskazini na mashariki, wakaoa, wakazaa, na eneo walilolitawala likaja kuitwa Danelaw. Majina ya miji kule bado yanawataja: ukisikia Whitby au Derby, hiyo -by ya mwisho katika lugha yao ilikuwa kijiji, makazi. Kwa hiyo mtangazaji anayepaza sauti kuhusu dabi ya Simba na Yanga ana kipande cha Kiviking mdomoni bila kujua.

Lugha ya wageni na ya wenyeji zilikuwa ndugu. Watu waliweza kusikilizana kwa kukisiakisia, kama Mgogo anavyookota neno hapa na pale Mkaguru anapozungumza. Undugu huo ndio uliowezesha jambo ambalo ni nadra. Kwa kawaida lugha hukopa majina ya vitu vipya. Haikopi kitenzi ambacho watu wanakitumia tangu wanaamka hadi wanalala. Kiingereza kilikopa. “Take” ni ya Waviking, hata “they” ni yao, na “get”, ambayo kwao ilikuwa “geta”, inaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza karibu na mwaka 1200.

Wenyeji walikuwa na neno ndugu la hilo, ila lao lilitamkwa kwa y na lilikuwa halitembei peke yake, lilikaa ndani ya maneno mengine tu. Mawili yapo mpaka leo, nayo yameiacha ile y na kuchukua g ya wageni: “beget”, yaani kuzaa kwa upande wa baba, na “forget”, kusahau. Hilo la pili linanipendeza. Kipande “for-” kilikuwa na maana ya kupotea au kwenda kombo, hivyo kusahau kulikuwa ni kuachia kile ulichokuwa umekishika. Sisi kazi ya namna hiyo tunaifanyia mwishoni mwa kitenzi: funga, fungua, ziba, zibua.

Mvutano wa maneno ya wageni na ya wenyeji haukuisha upesi. William Caxton, mtu wa kwanza kuendesha mtambo wa uchapaji Uingereza, aliandika mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliokwama na meli yao mto Thames kwa kukosa upepo. Mmoja akashuka kutafuta chakula, akamwomba mama mmoja amuuzie “egges”. Mama akamjibu kwamba yeye Kifaransa hakijui. Yule bwana akapandwa na hasira, maana Kifaransa hata yeye hakijui, anachotaka ni mayai. Mpaka mwingine aliposema “eyren”, neno la wenyeji, ndipo mama akaelewa. “Egg” ni la Waviking kama “get” ilivyo. Yaani zaidi ya miaka 600 baada ya jeshi lile kutua, Waingereza kwa Waingereza walikuwa bado hawaelewani juu ya yai.

Wanaisimu wanachimba chini zaidi, wanaifikisha “get” kwenye mzizi wa kale sana wenye maana ya kukamata. Mzizi huohuo upande wa Kilatini ulizaa kitenzi “prehendere”, kushika, na kutoka huko Kiingereza kikapokea “comprehend” ya kuelewa, “apprehend” ya kukamata mhalifu, na “prison” ya kumfungia. Rafiki akikwambia “I get it” na profesa akisema “I comprehend”, wametumia mzizi mmoja uliopita njia mbili, mmoja kwa Waviking na mwingine kwa Warumi. Sisi nasi kwenye simu tunasema “nimekupata”.

Na hiyo “pata” yetu haikuanza na maana tunayoijua. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaiunganisha na mzizi “-pat-” wa kushika. Kwa Wazulu mpaka leo “-phatha” ni kushika au kubeba mkononi. Ni kitenzi cha asili, hakikuja na jahazi, na kimetembea sana. Pita Soko la Majengo asubuhi, pale kina mama wanapokata mboga kabla wateja hawajajaa. Mmoja anamrudishia mwenzake kisu: “Shoga, hiki hakipati, lete kile.” Kisu kisichopata ni kisu butu, na hakuna Mwingereza anayeweza kusema hivyo kwa “get”. Mteja akivutana na muuzaji juu ya fungu la mlenda mpaka wote wakaridhika, bei wamepatana. Majirani waliogombana nao wakisuluhishwa wanapatana, na hapo Mwingereza anatoka njia ileile na sisi, maana anasema “they get along”.

Redioni tunasikia kwamba watu wapatao 200 wamehudhuria mkutano. Pata hapo ni kufikia, idadi imefika hapo. Jua nalo hupatwa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama mwezi ukiliziba jua na kubakiza pete ya mwanga pembeni, na magazeti yote yaliandika kupatwa kwa jua bila kuona haja ya kufafanua. Lugha yetu inaruhusu hata kitu kimpate mtu: unapata homa, au homa inakupata. Jirani akianza kuongea peke yake barabarani watu wanaulizana kimempata nini. Mtoto mtundu anaambiwa atakipata cha mtema kuni, na mtoto mtundu wa London anaambiwa “you'll get it”, tishio lilelile, nalo halitaji kitakachopatikana.

Kuna moja ambayo wengi hawaioni. Mzee anaposema “nilipata kumwona Mwalimu Nyerere”, hasemi alipokea kitu. Anasema alijaliwa, nafasi ilitokea. “Sijapata kuona” nayo ni hivyohivyo. Kiingereza kinasema “I got to see him” kwa maana hiyohiyo kabisa, na huko Iceland, ambako lugha ya Waviking imehifadhika kuliko kwingine, “geta” siku hizi ni kuweza. Kushika, kufikia, kujaliwa, kuweza: lugha mbili zisizo na undugu wowote zimepita vituo vilevile.

Basi kama zimeanza pamoja, kwa nini “get” ikapita mbali na “pata” ikabaki nyuma? Jibu liko kwenye kitu ambacho mtoto wa Kitanzania anakijua kwa sababu anakifanyia mtihani: mnyambuliko wa vitenzi. Sisi tukiwa na kitenzi kimoja tunakivuta mkia, tunapata kutendwa, kutendea, kutendana, kutendesha, kutendeka. Kiingereza nacho zamani kilikuwa na kidogo cha hayo. Mabaki yake bado yapo, na ukiyaona huwezi kuacha kuyaona. “Lie” ni kulala, “lay” ni kulaza. “Sit” ni kukaa, “set” ni kukalisha. “Fall” ni kuanguka, “fell” ni kuangusha, hasa mti. “Drink” ni kunywa, na “drench”, ambayo leo ni kulowesha chapachapa, ilianza kama kunywesha. Wanafunzi wangu wanateseka na “lie” na “lay” mpaka niwaambie ni lala na laza. Baada ya hapo hawakosei tena, ilhali Waingereza wenyewe wanakosea kila siku.

Njia hiyo ya kutengeneza vitenzi ilikufa. Viambishi vya mwisho wa maneno vikachakaa, vikadondoka kimoja kimoja katika zile karne baada ya Waviking na baada ya Wanormani, wavamizi wasema Kifaransa waliovuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kikapotea pia kitenzi muhimu sana, “weorthan”, kilichokuwa na kazi ya kuwa kwa maana ya kugeuka, na kazi ya kuunda kauli ya kutendwa. Wajerumani wanacho mpaka leo, “werden”. Waingereza wakabaki na pengo. Ni kama karakana iliyouza mashine zake zote kisha ikamwachia kibarua mmoja kila kazi. Kibarua huyo ndiye “get”.

Ukishalijua hilo, kutafsiri kunakuwa ni kutafuta mkia gani wa Kiswahili unafanya kazi ambayo “get” inaifanya pale. Ikifuatwa na sifa, ni kugeuka hali. “Get old” ni kuzeeka, “get dirty” ni kuchafuka, “get drunk” ni kulewa, “get tired” ni kuchoka. Kiswahili hakihitaji neno la kusaidia kwa sababu kugeuka kumo ndani ya kitenzi. Giza lenyewe kwetu linaingia, kwao “it gets dark”. Hapa ndipo pia linapotoka kosa la “I have tired” ninalolisikia kila muhula: mtu anatafsiri ile “-me-” ya “nimechoka”. Mwingereza hasemi hivyo, atasema “I'm tired” akiwa katika hali, au “I got tired” akitaja namna hali ilivyomfika.

Ikifuatwa na mahali, ni mwendo. “Get to Dodoma” ni kufika, “get home” ni kufika nyumbani, na vile vipande vidogo vinataja upande tu: “get on” kupanda, “get off” kushuka, “get out” kutoka, “get up” kuamka. Hivi havina fumbo, ni vya kukariri. Yule kijana wa zoezi alipoambiwa aangalie kila “get” imefuatwa na nini, aliirekebisha mwenyewe bila kamusi: tulipofika Dodoma giza lilikuwa linaingia, kwa hiyo tulishuka kwenye basi tukachukua bodaboda.

Ikifuatwa na kitenzi cha kutendwa, ladha inabadilika, na vitabu vingi vya shule havisemi. “He was robbed” na “he got robbed” zote ni ameibiwa. Lakini ile ya pili ina harufu ya tukio: balaa limemwangukia, yamempata. Mara nyingi inataja mkosi, “got fired”, “got caught”, au bahati, “got paid”, “got promoted”. Husikii sana “the book got written”, labda kama mwandishi alihangaika nacho miaka. Ndoa ndiyo inayonichekesha. Kwa Kiingereza “get married” inamtosha kila mtu. Kwetu mwanamume ameoa, mwanamke ameolewa, wote wawili wameoana, na mtafsiri wa Kiingereza asiyejua kama “Pat” kwenye barua ni mwanamume au mwanamke amekwama hapohapo.

Halafu kuna “get” ya kufanyiwa. “I got my hair cut.” Kiswahili kinasema “nimenyoa”, basi, na anayekutana nawe anauliza “umenyoa wapi?” bila kufikiri kwamba ulijishikia mashine mwenyewe. Mtumishi akisema “nimejenga Iyumbu” hakuna anayedhani alichanganya zege. Tunaachia muktadha useme kazi aliifanya nani. Kiingereza kinadai itajwe. Mtu wa hapa akitafsiri moja kwa moja, “I cut my hair” au “I built a house”, ya kwanza Mwingereza ataielewa kwamba alikaa mbele ya kioo na mkasi. Ya pili atamsamehe, maana kwa nyumba hata wao wanasema hivyo. Na “get” ikichukua mtu kisha “to”, kama “I got him to reduce the price”, ndani yake kuna kubembeleza, kushawishi, kujadili mpaka mtu akalegea. Mteja wa mlenda anaijua vizuri.

Mtego unaonasa hata watu wazima ni huu: “I got to go” na “I've got to go”. Ya kwanza, ikisemwa kwa ukamilifu, ni nilipata nafasi ya kwenda. Ya pili ni sina budi kwenda. Nafasi na lazima, zikitofautiana kwa kitu kidogo ambacho mdomo wa haraka unakimeza, ndipo inatokea “I gotta go” ya kwenye filamu, ambayo daima ni lazima. Chanzo chake si kigumu. “I have got” ilikuwa nimepata. Lakini aliyepata anacho, kwa hiyo tangu enzi za Shakespeare hivi “I have got a knife” ikaanza kumaanisha ninacho kisu tu, hata kama nilizaliwa nikakikuta nyumbani. Kisha, kwenye karne ya 19, nina jambo la kufanya ikawa lazima nilifanye.

Swali ambalo watumishi huniuliza zaidi ya yote ni kama “get” inafaa kwenye barua ya ofisi. Mara nyingi haifai, japo si matusi. Baada ya 1066 wakubwa wa Uingereza walizungumza Kifaransa kwa muda mrefu, na maneno yao yakabaki na suti: “obtain”, “receive”, “arrive”. “Get” ilibaki na watu wa shamba na sokoni. Nasi tunayo hiyo. Mheshimiwa akitua Dodoma anawasili, kwa Kiarabu. Mjomba akija na basi kutoka Singida anafika. Maana ni ileile, lakini hujasikia mtu akisema bodaboda imewasili. Kwa hiyo kwenye barua andika “I received your letter”, na kwenye ujumbe wa simu kwa rafiki andika “I got your message”. Ukibadilishana utaonekana mkavu upande mmoja na mzembe upande mwingine.

Limebaki la “gotten”, ambalo vijana wanalileta kutoka kwenye filamu na kuuliza kama ni Kiingereza kibovu. Si kibovu, ni cha zamani. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamnukuu Hawa baada ya kumzaa Kaini: “I have gotten a man from the LORD”, yetu inasema “Nimepata mtoto mwanamume kwa Bwana”. Uingereza iliiacha taratibu na kubakiza “forgotten” na “ill-gotten”, Marekani ikaendelea nayo. Tena Wamarekani wanazitumia zote mbili kwa kazi tofauti: “I've got a car” ni nina gari, “I've gotten a car” ni nimepata gari, limeingia mkononi. Shuleni kwetu inafundishwa ya Uingereza, ambayo kwa sentensi hizo mbili ina “got” tu, na msomaji aangalie mwenyewe kama ni nina au nimepata.